Japani: mutalii anapiga nyundo siku moja, lakini nani ataendelesha moto wa wahunzi?

Katika miji mingi ya Japani, wahunzi wamefungua milango ya viwanda vyao kwa wageni. Mutalii analipa, anavaa glavu, anashika nyundo, na mangaribi anarudia hoteli na kisu chenye amejifulia mwenyewe. Watu wengi wanaona hiyo kuwa muchezo tu wa wasafiri wenye feza. Kumbe nyuma yake kuko swali nzito: kazi iliyoishi kwa silaha inaweza kuendelea namna gani wakati sheria imefunga mulango wa silaha? Kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo, swali hilo haliko mbali.

Siku moja mbele ya moto

Mafunzo hayo si ya namna moja. Yale mafupi zaidi yanachukua saa moja ao mbili. Katika muji wa Sanjo, jimbo la Niigata, kuko nyumba ya mafunzo ya wahunzi. Pale mugeni anapewa musumari wa namna ya zamani, anautia ndani ya moto, anaupiga mupaka ukuwe bapa, na unageuka kisu kidogo cha kufungulia barua. Katika Echizen, jimbo la Fukui, wahunzi waliungana wakajenga kiwanda kimoja cha wote, Takefu Knife Village. Mugeni anaweza kuangalia mafundi wakiwa kazini, kujifunza kunoa, ao kutengeneza kisu cha jikoni.

Mafunzo yenye bei kali ni yale ya kupitisha siku nzima pembeni ya muhunzi mwenye kibali cha kufua upanga, ile silaha ya kupinda kidogo yenye dunia yote inaita katana. Kisu kidogo cha musumari kinaweza kuomba dola makumi kadhaa. Siku nzima na fundi wa upanga inaweza kupita dola mia kadhaa. Lakini hata kwa bei hiyo, mutalii harudie na upanga. Anarudia na kisu kidogo, juu sheria haimuruhusu kufua kitu kingine.

Kazi yenyewe inaanza na makala. Muhunzi wa upanga anatumia makala ya muti wa msonobari, yenye imekatwa vipande vidogo vya ukubwa sawasawa ili moto usiruke huku na kule. Kati ya mafundi kuko musemo kwamba kukata makala peke yake ni masomo ya miaka 3. Mutalii yeye anakuta makala imekwisha kukatwa. Anakuta pia chuma kimekwisha kutayarishwa: kwa kisu cha jikoni, mara nyingi ni kipande cha chuma kigumu chenye kimefungwa katikati ya chuma laini. Kile kigumu njo kinakuwa makali. Kile laini kinakilinda kisivunjike, na kinafanya kisu kiwe rahisi kunoa.

Kisha nyundo inaanza. Muhunzi hapimi joto na mashine. Anaangalia rangi: wekundu wa giza, wekundu wa kuwaka, rangi ya machungwa, manjano. Chuma kikipoa, kinarudishwa ndani ya moto. Ukikipiga kikiwa baridi kinaweza kupasuka. Mugeni anapiga mara kumi, fundi anapiga mara mbili ili kunyoosha kile mugeni alipotosha. Hakuna anayeficha jambo hilo, na watu wanacheka pamoja.

Saa yenye hakuna mutu anacheka ni ile ya kutia chuma katika maji. Kwa kisu cha namna ya upanga, fundi anapaka udongo wa mufinyanzi uliochanganywa na unga wa makala na wa jiwe: mwembamba upande wa makali, munene upande wa mugongo. Wanapunguza mwangaza ndani ya nyumba ili rangi ya moto ionekane vizuri. Chuma kinafika karibu digri 800, kisha kinatumbukizwa katika maji mara moja. Upande wa udongo mwembamba unapoa haraka na kuwa mugumu sana. Upande wa udongo munene unapoa polepole na kubakia laini. Pale pande hizo zinakutana, munoaji atafanya mustari mweupe uonekane. Wajapani wanauita hamon. Kama joto halikuwa sawasawa, kisu kinapasuka na kazi yote ya siku imepotea. Njo maana, katika viwanda vingi, sehemu hiyo mwalimu anaifanya yeye mwenyewe, ao anashika mukono wa mugeni.

Kisu ndiyo, upanga hapana

Sheria ya Japani juu ya bunduki na panga, ile ya mwaka 1958, ingali musingi mupaka leo. Mutu wa kawaida hana ruhusa ya kufua upanga, hata kama ni Mujapani, hata kama kiwanda ni chake. Mwenye kutaka kuufua anapaswa kwanza kukaa hata miaka 5 kama mwanafunzi kwa muhunzi aliye na kibali, kisha kupita mafunzo na mutihani chini ya Idara ya Mambo ya Utamaduni ya serikali. Hata akipata kibali, mikono yake ingali imefungwa: kwa mwezi mumoja haruhusiwi kupita panga 2 ndefu ao 3 fupi.

Kila upanga unaandikishwa katika jimbo, na unapewa karatasi yake. Karatasi hiyo inafuata upanga, haifuate mutu. Upanga ukiuzishwa, karatasi inakwenda nao, na munuaji anapaswa kujulisha serikali kwamba sasa uko kwake. Upanga wenye hauna karatasi ni silaha haramu, hata kama babu wa babu aliuacha ndani ya nyumba. Mugeni mwenye kutaka kuutoa katika inchi anahitaji ruhusa ingine.

Kwa visu, sheria ni laini zaidi lakini iko. Kutembea na kisu chenye makali ya kupita sentimeta 6 bila sababu ya kweli ni kosa. Kwa hiyo mutalii anapomaliza mafunzo, kisu chake kinafungwa vizuri katika sanduku, na anaambiwa akipeleke moja kwa moja hoteli. Ku uwanja wa ndege kinaingia katika mizigo ya chini, hapana katika mufuko wa mukono.

Ukiangalia vizuri, mafunzo ya watalii yamezaliwa ndani ya nafasi ndogo yenye sheria iliacha wazi. Muhunzi hawezi kuongeza panga anazotengeneza. Lakini hakuna sheria inayomukataza kuuzisha saa zake, moto wake na maelezo yake.

Mara tatu silaha zilikusanywa ao kukatazwa

Sheria hiyo haikuanguka kutoka juu. Historia ya Japani inaonyesha mara tatu zenye mamlaka ilikusanya panga ao ilikataza kuzibeba, na kila mara wahunzi walipaswa kutafuta namna ingine ya kula.

Mara ya kwanza ni mwaka 1588. Toyotomi Hideyoshi, mukubwa aliyekuwa anamaliza vita ya ndani ya miaka mingi, aliamuru walimaji wapokonywe panga, mikuki na bunduki. Aliwaambia kwamba chuma hicho kitatumiwa kufanya misumari ya sanamu kubwa ya Buddha katika Kyoto. Shabaha yake ya kweli ilikuwa wazi: silaha zibakie mu mikono ya watu wa vita peke yao, na mulimaji asiwe tena na nguvu ya kuasi.

Mara ya pili ni mwaka 1876. Serikali mupya ilikuwa inajenga jeshi la kisasa, na ilikataza mutu yeyote kutembea na upanga mbele ya watu, isipokuwa maofisa wa jeshi na polisi na watu wa sherehe za serikali. Kwa tabaka la samurai, hiyo ilikuwa kuvuliwa heshima. Kwa muhunzi, ilikuwa soko kufungwa kwa siku moja. Wengi waliacha kazi. Wengine waligeuza mikono: wakafua visu vya jikoni, mikasi, mundu na vyombo vya seremala. Miji yenye inajulikana leo kwa visu iliishi kwa njia hiyo. Seki, katika jimbo la Gifu, ulikuwa muji wa panga tangu zamani. Leo unatengeneza visu, mikasi na nyembe. Sakai, pembeni ya Osaka, ulikuwa umekwisha kupata soko lingine mbele ya sheria hiyo: tumbako ilipoingia Japani pamoja na Wareno katika karne ya 16, wahunzi wake walianza kufua visu vya kukatia majani ya tumbako.

Mara ya tatu ni mwaka 1945. Japani ilishindwa vita, na jeshi lililoikalia, chini ya Waamerika, liliamuru silaha zote zitolewe. Panga nyingi sana zilikusanywa. Zingine ziliyeyushwa, zingine zilitupwa baharini, zingine askari walikwenda nazo kwao. Wenye kupenda kazi hiyo walijitetea kwa neno moja: upanga uliofuliwa kwa mukono ni kazi ya sanaa, hapana silaha tu. Walisikilizwa. Mwaka 1948 shirika la kuchunga panga za sanaa lilianzishwa, na katika miaka ya 1950 kufua kuliruhusiwa tena, lakini chini ya masharti makali yenye yangali mupaka leo.

Hapa kuko jambo lenye watalii hawasikie mara nyingi. Mbele ya 1945, upanga haukuwa tu pambo la ukuta. Mwaka 1933, kiwanda cha kufua panga kwa ajili ya maofisa kilifunguliwa katika hekalu la Yasukuni, ndani ya Tokyo, na viwanda vingine vilitoa panga nyingi za bei ya chini kwa ajili ya jeshi. Katika China na inchi zingine za Asia, panga hizo zilikata vichwa vya wafungwa na vya raia. Muhunzi wa leo hana kosa la babu zake. Lakini mafunzo yanayosema juu ya uzuri na roho ya upanga bila kutaja miaka hiyo yanaeleza nusu ya hadisi. Watu wa Beni, wa Irumu ao wa Djugu, wenye kujua mupanga umefanya nini katika vijiji vyao, hawawezi kushangaa kusikia kwamba chombo kimoja kinaweza kuwa na majina mawili.

Chuma kinatoka wapi

Bei ya kazi hiyo inaeleweka vizuri mutu akijua chuma kinatoka wapi. Upanga wa Kijapani haufuliwe na chuma cha duka. Unaomba chuma kinachoitwa tamahagane, na leo kinapatikana kwa wingi ku pahali pamoja tu: Okuizumo, katika jimbo la Shimane. Tangu mwaka 1977, lile shirika la kuchunga panga linaendesha pale tanuru la udongo la namna ya zamani, tatara. Moto unawashwa majira ya baridi tu. Kila mara, wafanyakazi wanalisha tanuru muchana na usiku kwa siku 3: karibu tani 10 za muchanga wa chuma na karibu tani 12 za makala. Ku mwisho tanuru lenyewe linabomolewa, na ndani yake kunatoka jiwe moja la chuma la tani 2 na nusu hivi. Sehemu yenye kufaa kwa upanga haifike hata tani moja.

Chuma hicho kinagawanyiwa wahunzi wenye kibali. Kufua chuma cha namna hiyo kunaomba kukikunja na kukipiga tena mara kumi na zaidi, ili uchafu utoke na ugumu uwe sawasawa. Kisha upanga unapita kwa munoaji, kwa mufanyaji wa ala, kwa fundi wa kipande kidogo cha shaba chenye kushika ala, na kwa mufungaji wa mukono. Kila mumoja ni fundi wa kazi yake na miaka yake ya masomo. Muhunzi mumoja akizima moto, wengine wanne wanapoteza kazi kidogo.

Hapo Okuizumo kuko jambo lingine lenye kufaa kutajwa kwa inchi yenye mashimo ya madini kila pahali. Zamani, watu walibomoa milima ili maji yasukume udongo na kuacha muchanga wa chuma. Lakini pale mulima ulibomolewa, walisawazisha udongo na kufanya mashamba ya muchele ya ngazi-ngazi, na miti ya makala ilikatwa kwa zamu ili pori lipate miaka ya kurudi. Mashamba hayo yangali yanalimwa leo.

Katika tanuru la zamani, wanawake hawakuruhusiwa kukaribia. Wazee walisema kwamba mungu wa chuma ni mwanamuke na ana wivu. Katika jamii nyingi za Afrika ya kati pia, wanawake walikatazwa kukaribia tanuru wakati wa kuyeyusha chuma. Sasa, katika mafunzo ya watalii, wanawake wanashika nyundo sawa na wanaume.

Hesabu ya muhunzi

Sasa swali: juu ya nini muhunzi, mwenye alikaa miaka 5 bila mushahara ili ajue kazi, anakubali kupoteza siku nzima na watu wenye hawatarudi?

Jibu la kwanza ni hesabu. Panga 2 kwa mwezi ni panga 24 kwa mwaka, na hiyo ni kikomo cha sheria. Hapana ya soko. Wenye kupata munuaji wa panga 24 ni wachache sana. Upanga mupya unaweza kupita yeni milioni moja, lakini kutoka hapo muhunzi anatoa bei ya chuma, ya makala, na ya wale mafundi wengine. Tena panga za zamani zingali nyingi katika soko, na zingine bei yake iko chini ya upanga mupya. Wanunuaji wa Kijapani wanazeeka. Mwaka 1989, chama cha wahunzi wa upanga kilikuwa na wanachama karibu 300. Leo hawafike 200. Katika kazi zote za mikono za utamaduni, Japani ilikuwa na wafanyakazi karibu 290,000 mwaka 1979; sasa hawafike 70,000.

Jibu la pili ni watalii wenyewe. Mwaka 2013, kwa mara ya kwanza, wageni walioingia Japani walipita milioni 10. Mwaka 2019 walikuwa karibu milioni 32. Ugonjwa wa Covid ulifunga mipaka, lakini mwaka 2024 walifika karibu milioni 37. Feza ya Japani ilianguka: mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa karibu yeni 105, na mwezi wa 7 wa 2024 ilipita 160. Mwenye dola mufukoni aliona kila kitu kimekuwa rahisi. Kuongeza juu yake, kuko michezo na filamu. Muchezo wa komputa Touken Ranbu, wenye ulitoka mwaka 2015 na kugeuza panga za kweli kuwa vijana wazuri, ulijaza wasichana wa Kijapani katika nyumba za makumbusho. Mwaka 2023, sehemu moja ya Demon Slayer yenye kuonyesha kijiji cha wahunzi iliangaliwa katika dunia yote.

Kwa hiyo muhunzi ana mikono yenye haina kazi ya kutosha, na mbele ya mulango kuko watu wenye kutaka kulipa ili waone mikono hiyo. Kukataa kungekuwa kiburi chenye watoto wake wangelipia.

Namna mbili za muji, faida mbili tofauti

Lakini faida haiko sawa kwa wote, na hapa njo wachambuzi wengi wanachanganya mambo.

Katika miji ya visu vya jikoni, kama Sakai, Echizen na Sanjo, kazi haikosekane. Tangu chakula cha Kijapani kilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya utamaduni wa dunia mwaka 2013, wapishi wa Ulaya na Amerika wanatafuta visu vya Kijapani zaidi na zaidi, na wageni wanavinunua kwa wingi katika maduka ya Kappabashi, ile barabara ya vyombo vya jikoni katika Tokyo. Pale shida ni mikono: wahunzi na wanoaji wamezeeka, na mwaka 2024 watoto waliozaliwa Japani yote hawakufika 700,000. Kwa miji hiyo, kufungua mulango ni namna ya kutafuta vijana. Eneo la Tsubame na Sanjo lilianza mwaka 2013 sikukuu yenye viwanda vinafungua milango kwa siku kadhaa, na shabaha yake si kuuzisha tu. Ni kumuonyesha kijana wa Kijapani, mwenye hajawahi kuona chuma chekundu, kwamba kazi ya mikono inaweza kumulisha na kumupa jina.

Kwa muhunzi wa upanga, mambo ni ya namna ingine. Yeye hakosi tu wanafunzi. Anakosa soko la kuwapokea. Akimukubali mwanafunzi leo, anamukaribisha katika miaka 5 bila mushahara, kisha katika soko lenye halimuhitaji. Feza ya watalii inalipa makala na deni la mwezi. Inaweza kumusaidia muhunzi mwenye umri wa miaka 60 asifunge kabla ya wakati. Lakini haimufundishe mutu. Siku yenye kiwanda kimejaa wageni ni siku yenye mwanafunzi anapanga viatu, anatafsiri, anafagia, hapigi nyundo ya upanga. Na kama mafunzo ya wageni yanalipa kuliko upanga, kila mwaka kuna kishawishi cha kuongeza siku za wageni na kupunguza siku za kazi yenyewe. Tarata-tarata, muhunzi anaweza kugeuka mutu wa kuonyesha namna wahunzi walikuwa.

Kwa upande mwingine, kusema kwamba watalii wanaharibu kazi si haki. Mwenye amepiga chuma saa tatu na kupata kisu cha kupinda-pinda anaelewa juu ya nini kisu kizuri kinaomba bei ile. Wamoja wananunua cha fundi palepale. Ukweli uko katikati: watalii wanaweza kuchunga moto usizimike. Kufundisha wahunzi wapya ni kazi ya mutu mwingine, na mupaka sasa serikali ya Japani na vyama vya kazi havijapata jibu lenye kutosha kwa swali la mushahara wa mwanafunzi.

Mambo hayo yanahusu nini mashariki ya Kongo?

Kuchukua mufano wa Japani na kuubandika Kivu ao Ituri itakuwa kosa. Watalii wanakuja pale kuko amani, barabara na umeme. Vita imefunga njia nyingi za wageni katika mashariki, na hakuna anayeweza kujenga mupango wa leo juu ya watalii wa kesho.

Lakini ufundi wa chuma hapa si kitu cha kuletwa. Katika hadisi za Waluba, wenye wako mupaka katika jimbo la Tanganyika, Kalala Ilunga anakumbukwa kuwa mufalme na pia mwenye kuleta ufundi wa kufua chuma. Fuawe ya muhunzi ilikuwa alama ya ufalme. Mupaka leo, katika vijiji vingi, muhunzi anachukua ressort ya gari lililokufa na kuigeuza jembe, kisu ao mupanga wa kulimia. Mushindani wake ni jembe la kiwanda lenye limetoka mbali na kuuzishwa bei ya chini ku soko. Hakuna anayekaa pembeni yake miaka 5 ili ajifunze.

Tena serikali ya Kongo iko na programu yake ya kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia, PDDRCS, iliyoanzishwa mwaka 2021. Katika programu za namna hiyo, ahadi inayorudiwa ni ile ya kumufundisha kijana kazi: useremala, kushona, makanika. Historia ya wahunzi wa Japani inaonyesha sehemu mbili za ahadi hiyo. Sehemu ya kwanza ni kukusanya silaha na kuandika zile zinazobakia, kila moja na karatasi yake. Hideyoshi alianza mwaka 1588, na karatasi zilikuja karne nyingi nyuma yake. Sehemu ya pili ni soko. Mwaka 1876, wale walioendelea ni wale waliokuta mutu wa kununua kisu cha jikoni. Wenye hawakupata munuaji, ufundi wao wote haukuwaokoa.

Kwa hiyo, kwa wenye kufuata habari za Japani, hesabu ya kuangalia katika miaka inayokuja si idadi ya wageni wanaopigwa picha na nyundo mukononi. Ni idadi ya vijana wanaomaliza miaka yao 5 na kubakia kazini nyuma ya kibali. Na kwa mwenye anapanga mafunzo ya kazi za mikono katika Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, swali ni lilelile, na linaomba jibu mbele ya siku ya kwanza ya masomo: nani atamulisha mwanafunzi mupaka afue jembe la kwanza lenye mulimaji atakubali kununua, na nani atakuwa ku soko siku hiyo?